Raghnaid na Milango Tisa

6 Mei 1954

Nimefika. Mashine ya kunasa sauti nayo imefika, na kati yetu wawili yeye ndiye aliyesafiri vizuri. Nahodha aliifunga kwa kamba chumbani mwake, mimi nikatapika sitahani pamoja na kondoo mpaka bandari ya Stornoway hapa kisiwani. Daktari Pringle alinipa kurasa tatu za maagizo ya kuitunza: isilowe, isitikiswe, betri zisipinduliwe. Kuhusu mimi hakuandika kitu.

Niandike kilichonileta kabla hasira hazijanisahaulisha. Daktari Pringle, mkubwa wangu chuoni kule Edinburgh, anaandika historia nzima ya fasihi ya Uskoti, juzuu mbili nene. Lugha yetu ya Kigaeli ameitengea kurasa nne. Nilipolalamika alinijibu, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba hawezi kuandika juu ya kitu kisichoandikwa, basi nikalete. Hapa kijijini yupo bibi mmoja, Raghnaid, mwenye miaka sabini na tisa, na inasemekana ndiye wa mwisho anayeijua Hadithi ya Milango Tisa, ambayo zamani ilichukua jioni nzima kuisimulia. Akifa nayo, imekwisha. Nina mpaka mwisho wa Agosti kuinasa, kisha mashine anapewa mtu mwingine.

Nimezaliwa kijiji hiki hiki. Tuliondoka nikiwa na miaka kumi na moja, baba alipopata kazi ya kuunda meli Glasgow. Kwa sababu hiyo Pringle anaamini watu watanifungulia mioyo. Beathag, binamu ya mama, ninayelala kwake, alinifungulia mlango akaniuliza kama viatu vile ndivyo pekee nilivyokuja navyo.

8 Mei

Nimeonana na Raghnaid. Mfupi, mkavu, mkali. Ujanani alikuwa akifuata meli za wavuvi kutoka bandari hadi bandari, akipasua samaki na kuwatia chumvi kwenye mapipa, na vidole vyake bado vina makovu ya kisu. Alinikaribisha, akaniwekea chai na mkate wa shayiri, akaitazama mashine kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani.

Nikaomba Milango Tisa. Badala yake akanisimulia habari za paka aliyekula siagi ya mchungaji. Dakika sita. Alipomaliza alikunja mikono akanitazama. Nikamshukuru, nikazima mashine. Akaendelea kunitazama mpaka nikaona haya, nikaaga.

9 Mei, Jumapili

Kanisani kwa saa mbili na nusu. Leo siruhusiwi hata kufungua kasha la mashine. Mvua.

11 Mei

Hadithi ya ng'ombe aliyeota ndoto. Dakika tano. Akakunja mikono.

13 Mei

Mwizi wa kondoo na suruali yake. Dakika tatu. Akakunja mikono. Zinazidi kuwa fupi.

15 Mei

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimepewa siku ya kumi, kwa hiyo nashukuru uvumilivu wa mama mdogo Beathag. Jembe lenyewe ni la kukatia udongo mweusi wa kinamasi, ule tunaoukausha na kuuchoma badala ya kuni. Kijiji kizima kiko huko nyikani. Beathag anakata, mimi napokea tofali zinazoteleza kama ini na kuzitandaza kwenye majani. Baada ya saa moja mgongo ulikuwa si wangu.

Aliniuliza ni nani mwenye akili aliyenituma kukusanya hadithi mwezi wa Mei. Hadithi ni za majira ya baridi, kila mtu anajua. Nikamweleza kwamba chuo hufungwa kiangazi, ndipo tunapotumwa. Alicheka mpaka akaegemea jembe. Shamba la udongo la Raghnaid linapakana na letu. Alinisemesha mara mbili tu, zote kunionyesha kwamba nimetandaza vibaya.

22 Mei

Barua ya Pringle. Anatumaini nimeshafika mlango wa tano au wa sita. Nilichonacho ni paka, ng'ombe, suruali, na mzuka anayeogopa bata bukini.

29 Mei

Leo nilichoka kuzunguka mbuyu, nikamwuliza waziwazi kwa nini hanipi ile ndefu. Akasema, "Nimekupa saba." Basi. Saba, na mikono ile imekunjwa juu ya aproni.

Nikadhani nimekosa adabu kwa kuja mikono mitupu.

1 Juni

Nimempelekea kopo la biskuti za Stornoway, lenye picha ya ngome. Alipokea. Nilipotoka nilikuta kopo liko nje kizingitini, limefunikwa vizuri lisilowe. Nimerudi nalo. Beathag amezila na kuzisifu.

Nina hasira na huyu bibi. Ninajua anajua ninachotaka, na ninajua anafurahia kuninyima.

4 Juni

Mvua. Visubi wanaingia mpaka machoni. Hadithi ya nane, dakika mbili.

7 Juni

Leo nataka kuandika yote, ingawa naona aibu mbele ya karatasi.

Tulikuwa nyikani tunasimamisha tofali zikauke, tano tano, zimeegemeana. Nikaanza kumlalamikia Beathag. Nikamwambia Raghnaid ni mchoyo, anakalia hazina asiyoweza kwenda nayo kaburini. Beathag hakuacha kazi.

"Kwani wewe umemsimulia ngapi?" aliniuliza.

Nikasema mimi sikuja kusimulia, nimekuja kusikiliza.

"Mwezi mzima unaingia nyumba ya mtu, anakutolea moja, halafu unanyanyuka unaondoka? Mwanangu, hata mama yako alikuwa na adabu kidogo, na yeye alikuwa hana."

Hapo nikasimama na tofali mkononi. Kwa sababu naijua desturi hiyo. Mwenyeji hutoa hadithi ya kwanza, na zinazofuata ni za mgeni. Si kwamba naijua tu: mwaka wa pili chuoni niliiandikia insha ya kurasa kumi na mbili, "Wajibu wa Mgeni katika Masimulizi ya Nyanda za Juu na Visiwa", na Pringle mwenyewe akaipa alama ya juu kuliko zote. Niliiandika kama watu wanavyoandika habari za mizinga ya zamani. Mara nane bibi wa watu ametoa ya kwanza, akakunja mikono kunisubiri, na mara nane nimezima mashine nikasema asante sana.

Debe tupu ndilo linalovuma. Nimelia kidogo, Beathag akadhani ni visubi.

8 Juni

Nilidhani kosa likishajulikana, dawa ni rahisi. Sivyo. Nimekesha nikitafuta hadithi ya kumpelekea, na sina. Naweza kusema ni mfalme gani aliwalipa washairi wa baraza lake na ni karne gani wakafukuzwa. Naweza kutaja mahali hati za kale zilipohifadhiwa, na harufu yake. Hadithi yenye mwanzo na mwisho, ya kumfanya mtu asahau chai yake, sina hata moja.

10 Juni

Nilikwenda bila mashine. Raghnaid alitoa yake, ya kunguru na mwanasheria. Akakunja mikono. Nikaanza moja niliyoisoma kitabuni na katikati nikasahau nani ni ndugu ya nani. Akanisimamisha kwa kiganja.

"Hiyo si yako," akasema. "Hiyo umeiokota."

Basi, kwa hasira, nikamwambia iliyo yangu. Nikamweleza habari za mwalimu wetu hapa kijijini, wakati nikiwa na miaka saba, na kile kipande cha ubao alichomfungia shingoni mtoto aliyesikika akisema Kigaeli. Ubao ulihama kutoka shingo hadi shingo siku nzima, kila mtoto akimtega mwenzake apate kuuvua, na wa mwisho kuwa nao jioni ndiye aliyechapwa. Nikamweleza jinsi nilivyomtega rafiki yangu Dolina. Nilimkanyaga kidole kusudi, akalia "Mama!" kwa lugha yetu, nikamvika ubao, akachapwa yeye. Tulihamia Glasgow sijamwomba radhi. Sijawahi kumwambia mtu.

Raghnaid alishika kikombe chake. Chai yake ilikuwa imepoa.

"Mwisho wake ni mbaya," akasema, "lakini hiyo ni yako." Kisha, bila kubadili sauti, bila hata kujiweka sawa kitini: "Palikuwa na mjane aliyekaa ukingoni mwa dunia, na alikuwa na mwana mmoja na jogoo mmoja, na katika hao wawili jogoo ndiye aliyekuwa na akili."

Ni Milango Tisa. Mashine iko kwa Beathag, chini ya kitanda.

11 Juni

Nimekwenda na mashine, nikiwa nimeikumbatia kama mtoto. "Kiondoe hicho kidude," akasema. Akanitaka kwanza nimrudishie ya jana, neno kwa neno. Nikairudisha. Alinikatiza kila sentensi. Mjane hakukaa "karibu na ukingo", alikaa ukingoni. Jogoo hakuwika, alitoa shauri.

Masharti yake ni haya: atanipa mlango mmoja mmoja, nami niurudishe. Siku nitakayopita milango yote tisa bila kukosolewa, ndipo atakapoisimulia yeye yote mbele ya mashine, mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia mashine ingeweza kushika yote leo, bila kosa.

"Ikishashika inafanya nini?"

Nikasema inatunza.

"Pipa la samaki nalo linatunza," akasema. "Rudia mlango."

13 Juni, Jumapili

Kanisa. Katika mahubiri nimejikariria mlango wa kwanza wote. Mungu anisamehe, mchungaji alisifu utulivu wangu.

19 Juni

Mlango wa tatu. Baba yake Raghnaid hakumfundisha yeye hadithi hii. Aliwafundisha kaka zake wawili, kwa kuwa hadithi ndefu zilikuwa za wanaume. Yeye alikuwa kwenye kona akichambua sufu. Kaka mmoja alizama, wa pili aliuawa Ufaransa mwaka wa 1915. Baba alipobaki anaomboleza hadithi kuliko wana, msichana wa sufu, sasa mwenye miaka arobaini, akaanza kuisema toka mlango wa kwanza. Ameniambia haya huku akinifokea kwa namna ninavyoshika kikombe.

26 Juni

Mlango wa sita, na tumegombana vibaya. Mwana wa mjane anapotweka tanga la mashua kuna maneno ishirini hivi yanayosemwa mbio, kwa pumzi moja, na nusu yake hayana maana yoyote ninayoijua. Nikamwuliza maana. Hajui. Nikasema labda yameharibika njiani, naweza kuyalinganisha na maandishi ya kale, nikayarekebisha.

"Maana alikuwa nayo babu wa baba yangu," akasema. "Mimi nilipewa maneno, nikayabeba. Usiniguse mzigo."

Nikasema huo ni ujinga. Naam, nilimwambia hivyo mtu wa miaka sabini na tisa. Akanifungulia mlango nitoke.

29 Juni

Nimeomba radhi. Nimeyasema maneno ishirini kwa pumzi moja, nikikohoa mwishoni. Akasema bado natweka tanga kama mtu anayetandika kitanda.

3 Julai

Pringle tena. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji Oktoba. "Sielewi kwa nini unajifunza kwa moyo kitu tulichokupa mashine ya kukishika." Mimi pia sielewi vizuri, na ndiyo maana barua imenichoma. Leo nimewaza kuificha mashine chini ya shali na kumnasa kwa siri. Nimewaza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika.

10 Julai

Mlango wa saba. Mvua siku ya nne mfululizo, udongo haukauki.

19 Julai

Jua hatimaye. Mlango wa tisa nimepewa nyikani, tukipakia tofali kwenye toroli, yeye akiwa amekaa juu ya rundo kama malkia na kunielekeza. Ni mfupi kuliko yote. Sikutegemea vile. Nilisimama pale na mikono myeusi, nimesahau kwamba nilitumwa.

Alinitazama, akaanza kuvuta kitambaa chake cha kichwa. "Mwanzo," akasema. "Yote. Wiki ijayo. Ukipita, lete hicho kidude chako."

24 Julai

Beathag alikuja mbio kuniita saa tatu asubuhi. Raghnaid amekutwa sakafuni, karibu na moto. Upande wa kulia umekufa. Ananifahamu. Anafungua mdomo, na kinachotoka ni pumzi.

Daktari wa kisiwa amekuja na kuondoka. Anasema huenda maneno yakarudi, kwa sauti ya mtu asiyesadiki.

25 Julai, Jumapili

Sikwenda kanisani. Nimekaa naye.

Nimekasirika. Namkasirikia yeye kwa masharti yake. Namkasirikia Pringle kwa kuwa sasa atakuwa na haki. Zaidi najikasirikia mimi, kwa mwezi mzima wa Mei, asante sana, asante sana, nikizima mashine. Siku thelathini nilizopoteza kwa ujinga wa msomi. Laiti ningekunja mikono mara moja tu na kusema "Na mimi ninayo moja," leo sauti yake ingekuwa ndani ya kasha.

30 Julai

Hakuna neno. Anakula uji kwa kijiko, kwa hasira.

2 Agosti

Leo alikuwa akigonga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto, anataka kitu. Nikampa maji, si hayo. Shali, si hiyo. Beathag akasema, "Anataka hicho kidude." Nikakileta. Akanielekezea kidole mimi, kisha mashine, akagonga.

Nilikataa. Nikamwambia ni sauti yake wanayoitaka, si yangu, mimi ni wa kubonyeza vitufe. Akagonga mpaka nikaogopa atajiumiza. Basi nikawasha, nikaanza: palikuwa na mjane aliyekaa ukingoni mwa dunia.

Nikikosea, anagonga. Narudi nyuma, naweka sawa, naendelea. Mlango wa kwanza hadi wa tatu: kugongwa mara thelathini na moja.

4 Agosti

Yote tangu mwanzo tena, mpaka mlango wa sita. Kumi na mbili. Maneno ishirini ya tanga nimeyarudia mara nne. Beathag amekaa mlangoni na sufu yake, hasemi kitu, na hiyo peke yake ni ajabu ya mwaka.

7 Agosti

Milango tisa. Nne.

10 Agosti

Nilianza saa nane mchana, betri mpya. Mlango wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Nilipolikaribia tanga nilimwona amekaza mkono juu ya ubao, vidole vyenye makovu vimekunjwa tayari, nikavuta pumzi nikayasema maneno ishirini bila kujua nasema nini, kama yeye, kama baba yake. Mkono haukushuka. Wa saba, wa nane. Nilipoufunga mlango wa tisa kanda ilikuwa imebaki kidogo, ikaendelea kuzunguka, na hakuna aliyeizima. Raghnaid alikuwa amefumba macho. Mkono aliuweka juu ya blanketi.

13 Agosti

Kanda zimeondoka na meli ya barua.

17 Agosti

Raghnaid amefariki saa nne asubuhi.

19 Agosti

Mazishi. Wanaume walimbeba kwa zamu kwa njia ya pwani, na kama ilivyo hapa sisi wanawake tulibaki nyumbani. Beathag aliosha vyombo, mimi nilikaa kwenye kiti cha Raghnaid kwa sababu vingine vyote vilikuwa nje. Watu walipokuja walizungumza habari za udongo na mvua. Mwanamume mmoja kutoka kijiji cha pili aliniuliza kama ni kweli ninayo. Nikasema ninayo. Akaitika kwa kichwa, akamaliza chai yake.

25 Agosti

Kanda zimerudi. Daktari Pringle ananipa pole. Anasikitika kwamba sauti iliyomo ni yangu, na kwamba msimulizi hasikiki isipokuwa kwa "kugonga kunakoharibu usikivu", na katika kanda ya mwisho, iliyo nzuri zaidi, hayumo kabisa. Kanuni ni sauti ya chanzo. Kurasa nne zitabaki nne. Hata hivyo, nikijaza upya fomu ya kila kanda kwa jina la mtu anayesikika, badala ya kuandika Raghnaid kama nilivyofanya, zinaweza kuwekwa katika fungu la ziada.

Hayumo kabisa. Nimeisoma barua hiyo kwa sauti jikoni, mara mbili, na mara ya pili nilikuwa napiga kelele. Katika kanda ile ya mwisho kuna saa mbili na dakika kumi za Raghnaid kutogonga. Sijui jinsi ya kulieleza hilo kwa mtu mwenye juzuu mbili.

30 Agosti

Meli ni kesho. Mashine imefungwa. Tangu asubuhi nimekaa na fomu mbele yangu na kalamu imekauka mara mbili. Niliapa sitazijaza. Halafu nikafikiri: fungu la ziada au la, kanda isiyo na fomu hutupwa.

Alijifunza kwa nani: wameacha mstari mmoja. Nimeandika Raghnaid, msichana wa sufu, kwa baba yake Tormod, kwa baba yake Aonghas, kwa mama yake ambaye jina halikumbukwi, na mstari ulipokwisha nimepanda pembezoni mwa karatasi mpaka juu.

Mahali: hapa.

Jina la msimulizi. Hapo nilikaa muda mrefu kuliko pote, nikihisi ninaiba. Nimeandika langu: Seonag.

Umri wa msimulizi: ishirini na sita. Ni umri mdogo mno kwa hadithi kama ile, lakini hayupo mkubwa zaidi aliyebaki nayo.